Feni Isiyopiga Kelele

Kitu cha kwanza kilichomtia Balbina kinyaa kwa Faustin kilikuwa vidole vyake. Alifika kwenye kibanda cha kutengenezea redio, pale Kibaoni mjini Ifakara, huku akila samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti. Bila kujifuta, akachomoa mfukoni kiboksi cha slaidi, zile picha ndogo za filamu zenye fremu ya plastiki, akaanza kuzipanga juu ya meza ya kazi. Kila moja aliishika katikati, juu ya picha yenyewe. Alipomaliza, alitoa mwiba menoni kwa ncha ya fremu mojawapo, akairudisha pamoja na nyingine.

"Wewe ndiye fundi?" aliuliza. "Nilitegemea mwanamume."

"Wengi hutegemea hivyo," Balbina alijibu. "Una shida gani?"

Ilikuwa mwaka 1994. Balbina alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na ufundi wake aliupata jeshini, kambi ya Chita, alikopangiwa karakana ya redio kwa sababu mikono yake haikutetemeka. Faustin alikuwa afisa elimu wa mradi mmoja mdogo ulioitwa Afya ya Bonde. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na kuwaonyesha watu picha za mbu, vyoo, minyoo na magonjwa. Projekta iliyokuja na mradi iliharibika, wakaunda nyingine wenyewe: boksi la bati la debe, lenzi ya kamera kuukuu, taa ya lori, na betri ya gari. Ili taa isiunguze picha, walifunga feni ya hita iliyong'olewa kwenye Land Rover mbovu. Feni hiyo ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga.

"Miaka miwili sasa nahubiri peke yangu," Faustin alisema. "Watu wanaona picha, hawasikii neno. Nataka inyamaze. Kimya cha kanisani. Nikikohoa, wa nyuma kabisa anisikie."

"Ninaweza kujaribu."

"Kwa majaribio tumia hii." Alimsogezea slaidi moja. "Ndiyo nyeusi kuliko zote. Picha nyeusi hunywa joto. Hii isipoungua, hakuna itakayoungua."

Alipoondoka, Balbina alilifungua lile boksi na harufu ikampiga usoni. Miaka miwili feni ilikuwa imevuta kila kilichoruka kuelekea kwenye mwanga: kumbikumbi, nondo, mende. Vilikuwa vimekaangwa kwenye bati vikawa utando mweusi wa mafuta. Mjusi alikuwa amekaukia kwenye panga moja la feni, mkia umejizungusha kwenye ekseli. Alimng'oa kwa bisibisi, akaenda nje, akatema mate mara tatu.

Kazi ile ilimchukua wiki mbili na aliipenda. Alikata mapanga mapya ya feni, mapana zaidi ya yale ya kwanza, kwa kuwa feni pana ikizunguka polepole husukuma hewa ileile bila kupiga mayowe. Mota aliikalisha juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli ili mtikisiko wake usipite kwenye bati. Njia ya kuingizia hewa aliipinda mara mbili, akaibandika ndani sponji ya godoro, sauti ipotelee humo. Kupunguza mwendo alitumia daiodi, vipande vidogo vya umeme alivyovichomoa kwenye redio mbovu, kila moja ikila umeme kidogo, na swichi ya kuchagua ngapi zifanye kazi. Mwisho akatoa kwenye pasi ya umeme iliyokufa kile kibati kinachojikunja kikipata joto. Alikifunga karibu na taa: joto likizidi, kibati kingejikunja, kingeupitisha umeme kando ya daiodi zote, na feni ingepewa nguvu kamili mpaka boksi lipoe.

Kilichomkera ni picha. Kila jioni alipofunga mlango na kuwasha taa, ukutani ulitokea mguu mmoja, mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Ulikuwa mguu wa matende. Kuanzia gotini ngozi ilikuwa imevimba na kukunjamana, ngumu, yenye vinundu, na kati ya vidole mlikuwa na vidonda vibichi ambavyo nzi walikuwa wametua. Mara ya kwanza Balbina alikisukuma kando chakula chake. Mara ya nne alikuwa amekwisha kuupa jina. Aliuita lile guu. Happyness, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, alipochungulia na kuziba pua kana kwamba ukuta unanuka, walicheka wote wawili mpaka machozi yakawatoka.

Hakuuliza lilikuwa guu la nani. Hata siku moja.

Siku ya maonyesho walikwenda Mlimba kwa treni, yeye, Faustin, na dereva wa mradi, Nickolaus, ambaye siku hiyo hakuwa na gari la kuendesha kwa kuwa barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Stesheni ya Mlimba kulikuwa na mama mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, ameketi nyuma ya beseni la vitumbua, kitenge kimeshuka hadi chini.

"Shikamoo mama," Balbina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Vya moto hivi, na ukivinusa nitakudai." Alicheka mwenyewe. Jina lake lilikuwa Apolonia.

Balbina alikula vinne palepale. Faustin alipita mbali, uso ameugeuzia upande wa reli. Nickolaus alimfuata, midomo ameibana kama mtu anayezuia kicheko.

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la ushirika, la mpunga. Saa tisa alasiri jua lilikuwa likilipiga bati la paa, na ili kupata giza, madirisha yalizibwa kwa magunia. Watu mia mbili waliingia. Milango ilipofungwa, harufu ya jasho ilichanganyika na ya mavi ya popo yaliyorundikana chini ya kenchi za paa, na ya panya aliyefia mahali fulani nyuma ya ukuta. Balbina alipumua kwa mdomo.

Mashine iliwashwa ikiwa kimya, lakini kabla ya dakika tano kibati kilijikunja na feni ikaanza kunguruma. Hewa ya ghalani ilikuwa ya moto mno. Balbina aliomba ndoo ya maji, akaloweka gunia, akalitundika mbele ya tundu la hewa. Hewa iliyopita kwenye gunia bichi iliingia ikiwa imepoa. Ngurumo ikafifia, ikawa mvumo, kisha hata mvumo haukusikika. Ghala zima likasikia mtoto akimnong'oneza mama yake kwamba ana kiu. Watu wakacheka, na Balbina, katika giza lile linalonuka, alifurahi.

Faustin alionyesha mbu. Alionyesha dimbwi na viluwiluwi. Aliongea vizuri, sauti yake ikafika kila kona. Halafu akabadilisha slaidi, na kwenye shuka nyeupe ukutani likatokea lile guu.

Umati ulivuta pumzi. Faustin aliwaacha waangalie, na katika kungoja huko akafanya jambo alilolizoea kwa miaka miwili chini ya ngurumo ya feni. Alimgeukia Nickolaus aliyesimama pembeni, akaongea naye kwa sauti yake ya kawaida ya pembeni.

"Umemwona leo? Yupo palepale stesheni na beseni lake. Siku niliyompiga hii picha nilikwenda kutapika nyuma ya gari. Na watu wanakula vile vitumbua, we acha tu."

Nickolaus alianza kucheka, akakatisha kicheko katikati.

Kila mtu alikuwa amesikia. Mtu mmoja akatema mate sakafuni. Mwingine akatema. Mwanamke mmoja alianza kumfuta mwanawe mdomo kwa upande wa kanga, kwa nguvu, mtoto akalia. Vichwa vikaanza kugeuka, safu kwa safu, vikitafuta, mpaka vikampata. Mama Apolonia alikuwa safu ya tatu, amekalia gunia. Alikuwa amekishika kitenge chake kwa mikono miwili akikivutia chini, ingawa kilikuwa tayari kinaburuta ardhini.

Vitumbua vinne vilipanda kooni mwa Balbina. Hilo hakuwahi kulificha baadaye: kabla ya huruma, kabla ya hasira, alijisikia kutapika. Kisha akajichukia kwa hilo, na chuki hiyo ndiyo iliyousogeza mkono wake.

Alizima feni. Kibati kilianza kujikunja ili kuiwasha tena, naye akaingiza kidole ndani ya boksi, akakizuia. Kidole kiliungua. Alikiacha.

Haikuchukua muda. Ukutani guu lilitetemeka kama linaloonekana ndani ya maji, likatoka malengelenge, likageuka rangi ya kahawia, halafu tundu la mwanga mweupe likafunguka katikati na kulila kwa pande zote. Moshi wa plastiki ulijaa ghalani.

"Feni!" Faustin alipiga kelele. "Fundi, feni! Picha inaungua!"

Taa ikapasuka. Watu wakasukuma milango, jua likaingia. Wote walitoka kwa pupa, na katika pupa hiyo, wakikanyagana na kubanana, bado waliacha nafasi ya hatua tatu kumzunguka mama Apolonia. Alitoka polepole katikati ya nafasi hiyo, peke yake, hakumtazama mtu.

Nje, Faustin alimkabili Balbina. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Umeharibu mali ya mradi."

"Umemtangaza yule mama mbele ya majirani zake."

"Mimi?" Alishangaa kweli, na mshangao wake ulimchukiza Balbina kuliko uongo wowote. "Mimi nimeongea na dereva wangu. Nimeongea hivyohivyo vijiji vingapi, nani aliwahi kusikia? Hiyo mashine yako ndiyo iliyonitangaza."

"Kwa hiyo kote huko ulikuwa unawacheka?"

"Usinifanye mtu mbaya, dada. Kazi hii ni ya kuona uchafu kutwa nzima. Mtu asipocheka ataugua." Alijifuta uso kwa mkono, akaupangusa mkono kwenye suruali. Kisha akashusha sauti, kirafiki. "Sikiliza. Nitatafuta taa nyingine. Wewe iweke sawa, ila safari hii iachie kelele kidogo. Siyo kama zamani. Kidogo tu."

Balbina alimtazama midomo yake, ambayo ilikuwa na chembe ya samaki au ya mkate, hakujua. Alichukua mfuko wake wa zana, akaenda.

Alielekezwa nyumbani kwa mama Apolonia na watu ambao hawakutaka kumfikisha mpaka mlangoni. Alimkuta uani, nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, anauosha ule mguu ndani ya karai kwa maji na sabuni. Kitenge kilikuwa kimepandishwa gotini. Balbina aliujua kila mkunjo. Alijua kinundu cha juu ya kifundo na mstari ulioshuka hadi kwenye kisigino. Kilichokuwa kipya kwake ni harufu. Pua ilimkunjika, macho yakajaa maji.

Mama Apolonia alikuwa akiusoma uso wake.

"Unaona kinyaa."

Balbina alifikiri kukataa. "Ndiyo, mama."

"Angalau wewe unasema." Aliendelea kuosha, kidole kwa kidole, akipenyeza kitambaa taratibu. "Yule kijana aliniambia picha inakwenda kwa daktari Dar es Salaam, aione, alete dawa. Nikamshukuru. Nilimfungia vitumbua ale njiani. Miezi kumi na minne nangoja dawa."

"Mama, kuna jambo jingine." Balbina alikaa chini, kwenye udongo. "Mashine ile nimeitengeneza mimi. Wiki mbili nimekuwa nikiitazama picha yako ukutani kwangu. Nikaipa jina. Tulicheka, mimi na jirani yangu."

Kitambaa kilisimama. Mama Apolonia alikikamua, akakiweka kando. Alinyanyua mguu, akaukausha kwa kanga safi, tena kidole kwa kidole. Halafu akamwonyesha karai kwa kidevu.

"Kamwage hayo maji. Kule mwisho wa uzio, si hapa."

Balbina alilibeba karai kwa mikono miwili. Maji yalikuwa na povu la kijivu na vitu vilivyoelea ambavyo hakutaka kuvitambua. Yalimrukia mguuni. Alimwaga, akaliosha karai, akarudi.

"Kesho treni inakwenda Ifakara," mama Apolonia alisema. "Utanionyesha ofisi yao."

Asubuhi, stesheni, beseni la vitumbua lilikuwa tupu. Mama Apolonia alikuwa amevipika usiku wa kuamkia siku hiyo kama kawaida, akavipeleka, na watu wa Mlimba wakawa wanawapungia abiria madirishani wasinunue. Alivimwaga kando ya reli, kunguru wakavishukia.

Ofisi ya Afya ya Bonde ilikuwa vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Mkuu wa mradi, mama Ester, mwanamke nadhifu mwenye sauti ya upole, alikuwa amekwisha kusimuliwa upande wa Faustin. Faustin mwenyewe alisimama karibu na kabati, mikono nyuma.

"Tunasikitika sana, mama yangu," mama Ester alisema. Alikuwa amekisogeza kiti chake nyuma kidogo, na leso ilikuwa karibu na pua. "Bwana Faustin ataonywa kwa barua. Lakini picha ni mali ya mradi. Zinafundisha."

"Picha yangu imeungua," mama Apolonia alisema. "Nataka za wengine."

"Haiwezekani, mama."

Kiboksi cha slaidi kilikuwa mezani. Mama Apolonia alinyoosha mkono, akakichukua, akakiweka mapajani. Kisha, bila haraka, akakipandisha kitenge mpaka gotini na kukaa vizuri.

"Mwenye kukitaka aje akichukue," alisema.

Hakuna aliyesogea. Mama Ester alimtazama Faustin, Faustin akamtazama karani, karani akatazama dirisha. Watu watatu waliosoma, waliofundisha bonde zima kwamba matende huletwa na mbu wala hayaambukizwi kwa kugusana, walishindwa kunyoosha mkono. Balbina aliziona pua zao zilivyokunjika. Aliijua mikunjo hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa usoni mwake jana yake, na siku hiyo ilimchefua kuliko karai.

Mama Apolonia alizinyanyua slaidi moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Ya mbu aliirudisha. Ya choo aliirudisha. Kila iliyokuwa na mwili wa mtu aliiweka kando, mpaka zikafika kumi na moja. Alisimama, akashusha kitenge, akakiweka kiboksi mezani mbele ya mama Ester, kwa heshima kabisa.

"Hizo zilizobaki ni zenu," alisema. "Zinatosha kufundishia."

Kwenye benchi la nje alimpa Balbina zile kumi na moja. Kwenye kila fremu Faustin alikuwa ameandika kwa kalamu kijiji na neno moja la kumtambulisha mtu. Balbina alianza kusoma. "Mngeta. Puto."

"Nisomee vijiji tu," mama Apolonia alisema.

Faustin alipata barua yake ya onyo, na miezi mitatu baadaye alihamishiwa mkoa mwingine kwa cheo kilekile. Biashara ya vitumbua haikurudi. Mama Apolonia alihamia kwenye kufuga bata, akawauza hai, kwa kuwa bata hai hakuna aliyemwuliza nani kamshika. Balbina alikataa kazi nyingine zote za mradi. Kila mwisho wa mwezi alipanda treni kwenda kumsaidia mama kuosha, na kila mara, kabla ya kuzoea tena, pua ilimkunjika, na mama Apolonia aliiona na kuinyamazia.

Safari hizohizo walizitumia kuwatafuta wenye picha. Mngeta walimpata mzee mmoja mwembamba, Teofili, amekaa barazani anachambua mbegu. Mama Apolonia alimweleza kila kitu, hakuruka hata neno la ghalani. Mzee aliipokea slaidi, akaielekeza juani, akafumba jicho moja. Lilikuwa tumbo lake, alipokuwa na kichocho, limejaa maji, kitovu kimechomoza. Alilitazama muda mrefu.

"Hili lilionyeshwa wapi?" aliuliza.

"Vijijini, baba," Balbina alisema.

"Waliliona watu wangapi?"

Balbina alianza kuhesabu vijiji kwa vidole, akaacha. Mzee aliiweka slaidi chini, akaikanyaga kwa kisigino mpaka fremu ikavunjika, akaisaga filamu kwenye udongo. Alitema mate juu yake. Kisha akamwita mkewe awaletee wageni maji ya kunawa, wale naye.